Kioo Kitupu Hakijafa: Hotuba kwa Wanafunzi na Mafundi wa Elektroniki, Lubumbashi

Mheshimiwa mkuu wa taasisi, walimu wenzangu, mafundi mliofunga vibanda vyenu vya Kenya na Katuba, komuni za mji wetu, ili mje kutusikiliza, baba zetu na mama zetu, nanyi wanafunzi wa sehemu ya elektroniki: nawashukuru kwa kufika, na naomba mnivumilie kwa sababu nitakaa juu ya jambo moja tu.

Jambo hilo ni kioo cha herufi, au afisheri kama mnavyokiita karakanani, kile chenye nafasi za herufi 16 kwa mistari 2. Kazi nyingi mlizotuletea mwaka huu zinakitumia: kipimo cha volti za betri ya sola, kipimo cha maji ya tangi, saa ya kufungua pampu. Na baadhi ya kazi hizo zilifika zikiwa na karatasi iliyobandikwa juu yake kwamba kioo kimekufa, eti kwa sababu kiliwashwa kikabaki kitupu. Nimesimama hapa kuipinga hukumu hiyo. Kioo kitupu mara nyingi sana ni kioo kizima ambacho hakijapewa kimojawapo cha vitu vinavyokiwezesha kuonekana, na kila kinachokosekana huacha dalili ambayo fundi anaweza kuisoma kwa macho na kwa multimeta kabla ya kutoa senti mfukoni.

Naona uchungu ninapomsikia mwanafunzi akisema kwamba atanunua kingine. Vifaa hivi havitengenezwi hapa. Vinatoka mbali, vingi vinaingia kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa, na anayelipa ni mzazi ambaye hakukosea lolote. Tena kioo kipya kikifungwa katika nyaya zilezile zenye kasoro ileile, nacho kitabaki kitupu, na kijana atajifunza jambo baya kuliko yote katika ufundi wetu, yaani kuamini kwamba vifaa vina bahati mbaya.

Tuanze na kilichomo ndani. Geuzeni kioo mtaona matone mawili meusi ya gundi ngumu. Chini ya tone moja kuna chipu inayoongoza, na chini ya lingine kuna chipu msaidizi, kwa maana ile ya kwanza peke yake inamudu nafasi nane tu za kila mstari. Lugha ya amri zake iliwekwa na kampuni ya Hitachi ya Japani katika chipu iitwayo HD44780, ya miaka ya 1980, na watengenezaji wengine wameifuata mpaka leo. Kwa hiyo nitakayosema yanafaa kwa karibu kila kioo cha aina hii mtakachokipata sokoni, hata kama jina la chipu halikuandikwa popote. Kila herufi huchorwa kwa nukta 5 kwa upana na 8 kwa urefu. Nukta hizo hazitoi mwanga. Katikati ya vipande viwili vya kioo kuna kimiminika chenye mpangilio kama wa fuwele, kitu ambacho Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, alikitambua mwaka 1888, na ambacho Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, wakiwa Uswisi, walionyesha mwaka 1970 jinsi ya kukigeuza kwa volti ndogo ili kizuie mwanga au kiupitishe. Shikeni hilo, maana ndilo linaloeleza nusu ya matatizo yenu: chipu inaweza kuwa imeandika herufi zote sawasawa, na bado msione kitu, kwa sababu volti inayofika kwenye nukta haitoshi kukigeuza kile kimiminika.

Jambo la kwanza kupima ni umeme wenyewe, na hapo sitakaa sana. Pini ya 1 ni masi, yaani upande wa volti 0, pini ya 2 ni volti 5. Weka ncha moja ya multimeta kwenye kila pini na usome. Lakini naomba sana mpime juu ya bodi ya kioo chenyewe, mahali pini inapoingia, wala msipime kwenye bodi ya majaribio. Vioo vingi huuzwa pamoja na safu ya pini ambazo hazijalehemiwa, na mwanafunzi mwenye haraka huzichomeka katika matundu na kuridhika kwa kuwa zimekaa. Hazijashika. Zinagusa leo, kesho hazigusi, na ukikibonyeza kioo kwa kidole herufi zinatokea kisha zinapotea. Pini 16, zote zilehemiwe, risasi iyeyuke mpaka izunguke pini na kushika shaba ya bodi. Hakuna programu duniani itakayochukua nafasi ya kazi hiyo. Tena someni maandishi yaliyochapwa kando ya pini kabla ya kuunganisha, kwa sababu kuna vioo ambavyo pini 15 na 16 zimewekwa kabla ya pini ya 1, na vingine ambavyo masi na volti 5 zimebadilishana nafasi. Kosa la kugeuza umeme ni mojawapo ya makosa machache yanayoweza kukiua kioo kweli. Ukiwasha na bodi ikaanza kupata joto, zima mara moja, kwa kuwa kioo kizima bila taa yake ya nyuma hutumia miliampea chache tu na hakina sababu ya kupata joto.

Taa ya nyuma nayo isiwadanganye. Inapata umeme wake kwa pini 15 na 16, mbali kabisa na chipu. Taa inaweza kuwaka vizuri huku chipu haina umeme, na chipu inaweza kufanya kazi yake huku taa imezimika. Katika vioo vya kijani chenye umanjano, herufi nyeusi husomeka mchana hata bila taa; katika vile vya buluu vyenye herufi nyeupe, taa ikizimika huoni chochote. Kwa hiyo, kabla ya kusema kwamba kioo cha buluu ni kitupu, kimulike kwa tochi ya simu kutoka upande. Ikiwa herufi zinaonekana hafifu, tatizo lenu ni taa na rezista yake, na yale mengine yote yako salama.

Sasa nafika mahali penye uzito. Taa inawaka, pini ya 2 ina volti 5, na kioo ni kitupu kabisa, hakuna herufi wala kivuli cha kisanduku. Hapo usiguse programu. Nenda pini ya 3.

Pini ya 3 ndiyo inayoamua ukolevu wa herufi. Kinachofanya kazi ni tofauti kati ya volti ya pini ya 2 na volti ya pini ya 3. Kwa kioo cha volti 5, pini ya 3 inatakiwa kukaa karibu na nusu volti mpaka volti 1 juu ya masi, ili tofauti iwe volti 4 na zaidi kidogo. Ikiachwa bila waya, au ikipewa volti 5, nukta hazipati nguvu na kioo kinabaki kitupu hata kama chipu imejaa maandishi. Ikipelekwa masi moja kwa moja, nukta zote huelekea weusi, na katika vioo vingi utaona visanduku vimejaa. Kwa sababu hiyo tunaweka potenshiometa, yaani rezista ya kuzungusha, ya kiloohm 10: mguu mmoja wa pembeni kwenye volti 5, wa pili kwenye masi, na wa katikati kwenye pini ya 3. Angalieni kwamba sehemu yenye faida katika mzunguko wake ni finyu, nayo iko karibu na mwisho wa upande wa masi. Nimewaona vijana wengi wakiizungusha kidogo katikati, wakaona hakuna kilichobadilika, wakaiacha na kwenda kuandika upya programu ambayo haikuwa na kosa. Izungusheni polepole kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili, macho yakiwa juu ya kioo. Na kama potenshiometa haipatikani, rezista moja ya kiloohm 1 mpaka 2 kutoka pini ya 3 kwenda masi mara nyingi hutosha kabisa, maana ndani ya bodi tayari kuna rezista zinazotoka upande wa volti 5.

Kuna mambo mawili ya kuongeza hapa. La kwanza ni baridi. Kimiminika kile kinahitaji volti kubwa zaidi kidogo kikiwa cha baridi, na mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa Juni na wa Julai mnazijua wenyewe. Kipimo kilichorekebishwa alasiri ya mwezi wa Oktoba kinaweza kufifia asubuhi ya kiangazi, bila kitu chochote kuharibika. Acheni potenshiometa mahali ambapo mwenye chombo ataifikia kwa bisibisi. La pili ni bodi mpya za kuendeshea programu, za volti 3.3, ambazo mmeanza kuzipenda kwa sababu zina mtandao wa bila waya. Mkikilisha kioo cha volti 5 kwa volti 3.3, hata pini ya 3 ikiwa kwenye masi, tofauti kubwa mnayoweza kuipata ni volti 3.3, nayo haitoshi. Kipeni kioo volti 5 zake. Pini zake za kupokea huhesabu volti 2.2 na zaidi kuwa ndiyo, kwa hiyo zitaisikia bodi ya volti 3.3 bila shida mradi masi zimeunganishwa pamoja na kioo hakirudishi volti 5 kwenye bodi. Pini ya 5 ikiwa kwenye masi, kioo hakitarudisha chochote.

Umezungusha potenshiometa, na mstari wa juu umejaa visanduku vyeusi huku wa chini ukiwa mtupu. Wengi hukata tamaa hapo, ilhali mimi hufurahi, kwa sababu sasa najua kwamba umeme upo, ukolevu upo, na nukta ni nzima. Maana ya visanduku hivyo ni kwamba chipu imeamka katika hali yake ya mwanzo, hali ya biti 8 (data ikipokelewa kwa pini nane kwa pamoja) na mstari mmoja, na hakuna amri hata moja iliyoifikia na kueleweka. Kazi imebaki kati ya bodi na kioo: nyaya, au mpangilio wa kuiamsha.

Kwa nyaya, angalieni pini tatu kwa makini kuliko zingine. Pini ya 4 huieleza chipu kama kinachokuja ni amri au ni herufi. Pini ya 5 huchagua kusoma au kuandika, na kwa kuwa programu nyingi huandika tu, inapaswa kufungwa kwenye masi. Ikiachwa ikielea hewani, chipu inaweza kudhani inaombwa kusoma, na haitapokea lolote. Pini ya 6 ndiyo inayotoa ishara ya kupokea: chipu huchukua data wakati volti ya pini hiyo inaposhuka. Baada yake ni pini 11 mpaka 14, ambazo hubeba data kwa mtindo wa biti 4, nusu ya juu ya baiti ikitangulia na nusu ya chini ikifuata. Mkizibadilisha mbili kati ya hizo nne, mtapata ama visanduku hivyohivyo ama herufi za ajabu. Kisha fungueni programu na mlinganishe namba za pini zilizoandikwa humo na nyaya zilizo mezani, waya kwa waya, mmoja akisoma kwa sauti na mwenzake akigusa kwa kidole.

Nyaya zikiwa sawa, tatizo ni kuamshwa, na hapa naomba utulivu wenu kwa sababu wengi hunakili bila kuelewa. Karatasi ya vipimo ya chipu inataka umeme upande kutoka chini mpaka kiwango chake ndani ya milisekunde 10 ili chipu ijipange yenyewe. Chanzo chenye kapasita kubwa, au paneli ya sola inayoamka polepole alfajiri, hupanda kwa mwendo wa polepole kuliko huo, na chipu hubaki haina hali inayojulikana. Kwa ajili hiyo waliotengeneza chipu waliweka njia ya kuiamsha kwa amri. Unasubiri angalau milisekunde 40 tangu umeme ufike. Unatuma 0x3 (0x ni alama ya namba za msingi wa kumi na sita) kwenye pini nne za juu, unasubiri zaidi ya milisekunde 4.1, unatuma tena 0x3, unasubiri zaidi ya mikrosekunde 100, unatuma 0x3 kwa mara ya tatu, ndipo unatuma 0x2 kuiingiza katika biti 4. Tunapiga hodi mara tatu kwa sababu hatujui mwenye nyumba yuko chumba gani. Chipu inaweza kuwa katika biti 8, au katika biti 4 ikingoja nusu ya kwanza, au katika biti 4 ikiwa imekwisha kupokea nusu moja na kungoja ya pili. Baada ya hodi tatu, popote ilipokuwa, imerudi katika biti 8, na mazungumzo yanaanza mahali pamoja. Baadaye 0x28 huipa mistari 2, 0x01 husafisha, 0x06 huweka mwelekeo wa kuandika, na 0x0C huwasha maonyesho. Hiyo ya mwisho ikisahauliwa, kila kitu kitakuwa sawa na kioo kitakuwa kitupu.

Wanaotumia maktaba ya LiquidCrystal, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kuongoza kioo, watasema kwamba amri ya begin hufanya yote hayo. Ni kweli, nayo inafanya vizuri. Lakini anayejua kinachotendeka ndani ndiye atakayeielewa dalili hii: kioo kinabaki na visanduku kila unapowasha umeme, na kinaandika vizuri ukibonyeza kitufe cha kuanza upya. Maana yake ni kwamba programu iliwahi kabla kioo hakijawa tayari. Ongezeni kusubiri kwa nusu sekunde kabla ya begin, na tatizo litaondoka.

Wenye kile kibodi, yaani bodi ndogo iliyofungwa nyuma ya kioo, chenye nyaya nne tu, msidhani mmeepuka haya. Chipu yake, PCF8574, inajibu kwa anwani kati ya 0x20 na 0x27, na ndugu yake PCF8574A kati ya 0x38 na 0x3F. Programu ikiita 0x27 wakati kibodi kinajibu 0x3F, hakuna atakayeitika. Pakieni kwanza programu fupi ya kutafuta anwani. Kama anwani imepatikana na taa inatii amri ya kuwaka na kuzimika lakini herufi hazionekani, rudini kwenye potenshiometa ndogo ya buluu iliyo juu ya kibodi hicho. Na kama bado ni visanduku, chunguzeni maktaba, kwa maana watengenezaji hawakuunganisha biti za chipu hiyo na pini za kioo kwa mpangilio mmoja.

Yako pia makosa ambayo kioo hakina sehemu ndani yake. Kundi moja lilikuwa na kioo kinachofanya kazi vizuri, wakaongeza kadi ya kumbukumbu ili kuhifadhi volti za betri, na siku hiyohiyo kioo kikawa kitupu. Kwenye bodi ya Arduino Uno kadi hutumia pini 11, 12 na 13, na mfano unaonakiliwa na wengi huweka kioo kwenye pini 12 na 11. Wawili walikuwa wakigombea nyaya zilezile. Tulihamisha kioo na kazi ikaendelea. Wengine husafisha kioo kila mara programu inapozunguka. Amri ya kusafisha peke yake huchukua karibu milisekunde 1.5, na maandishi hufutwa kabla jicho halijayakamata, hata kioo kinaonekana kimefifia au hakina kitu. Andikeni juu ya herufi za zamani, na msafishe pale tu ukurasa unapobadilika. Na kumbukumbu ya chipu ina nafasi 40 kwa kila mstari, ambapo kioo kinaonyesha 16. Neno refu huendelea kuandikwa mahali lisipoonekana, wala haliteremki lenyewe kwenda mstari wa pili, ambao unaanza kwenye anwani 0x40.

Mafundi wa pampu, hili ni lenu. Ikiwa kioo kinaandika vizuri mpaka rilei, ile swichi inayovutwa na koili ya umeme, igonge, kisha kinajaa alama zisizosomeka au kinafutika, chipu imepotezwa na mshtuko wa umeme ikapoteza hesabu ya nusu za baiti. Wekeni diodi juu ya koili ya rilei, kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na pini 1 na 2 za kioo, na mfupishe nyaya za data. Inapowezekana, rilei ipate umeme wake kwa waya tofauti. Programu inaweza pia kuiamsha chipu upya kila baada ya rilei kugonga, na napendekeza mfanye hivyo katika chombo kitakachoachwa kwa mtu asiye fundi.

Vioo vyote vilivyoletwa viko pale mezani, pamoja na multimeta na mashine ya kulehemu. Tutaanza na mizani ya unga ya wanafunzi wa Ruashi. Mstari wake wa juu una visanduku, wa chini ni mtupu, na mmoja wenu atapima pini ya 5 na kututajia volti anazozisoma kabla ya mtu yeyote kugusa programu.